Wasaa wa Wimbi: Asili na Maana ya Neno "Amplitudo"

Mwalimu mwenzangu, hebu fungua mwongozo wowote wa sarufi ulioko katika idara yako utazame fasili ya kiimbo. Aghalabu utakuta kwamba kiimbo ni kupanda na kushuka kwa sauti mtu anapozungumza. Mtahiniwa huikariri fasili hii tangu kidato cha kwanza. Sasa mwombe mtahiniwa huyo aitamke sentensi "Mama ameondoka" kwanza kama taarifa, kisha kama swali, na umkumbushe apandishe sauti mwishoni. Wengi watafanya jambo moja: watapaza. Neno la mwisho litatoka kwa nguvu, karibu kuwa ukelele, ilhali swali halijasikika. Usiwalaumu. Wamefanya walivyoambiwa. Katika Kiswahili chetu cha kila siku, redio ikiwa na sauti ya juu tunataka ipunguzwe, na msichana mwenye sauti ya juu tunampeleka kwaya akaimbe soprano. "Juu" ya kwanza si "juu" ya pili, na fasili yetu haisemi ni ipi inayokusudiwa.

Makala haya yananuia kuchunguza asili na maana ya neno moja la kisayansi ambalo lingetuondolea utata huo, yaani jina la ukubwa wa wimbi. Kiingereza huliita "amplitude". Hapa nitaliita amplitudo. Huenda msomaji akauliza fizikia inatafuta nini katika ukurasa wa walimu wa Kiswahili. Jibu ni kwamba sauti ni wimbi, na kila tunapofundisha shadda, kiimbo au mahadhi ya shairi tunazungumzia mawimbi, tupende tusipende. Tatizo letu nchini Kenya ni kwamba mwanafunzi hufundishwa mawimbi kwa Kiingereza saa nne asubuhi katika maabara, kisha saa tano hufundishwa sauti kwa Kiswahili katika darasa lake, na hakuna anayemwambia kwamba amesoma jambo lile lile mara mbili.

Mimi hufundisha Kware, huku Eastlands. Jina la mtaa huu lenyewe ni somo la msamiati. Ukitafuta "kware" kamusini utapata ndege wa porini anayefanana na kuku mdogo, na kila mwaka yupo mwanafunzi mgeni anayedhani mtaa ulipewa jina la ndege huyo. La hasha. Hapa palikuwa na machimbo ya mawe ya kujengea, na neno la Kiingereza "quarry" likatiwa irabu ya mwisho na wachimbaji, wabebaji na madereva wa malori hadi likatulia. Hakuna kamati iliyokaa. Nautaja mfano huu kwa sababu maneno hutufikia kwa njia mbili, ya mtaa na ya kamati, na neno tunalolichunguza limekwama njia panda.

Maana kwanza. Tuanze na kitu ambacho kila mtahiniwa anakijua, yaani bembea. Bembea ikiwa haina mtu, kamba zake huning'inia wima. Hapo ndipo mahali pake pa utulivu. Mweke mtoto, msukume, naye ataenda mbele, atarudi, atapita mahali pale pa utulivu na kuendelea nyuma. Amplitudo ni umbali wa kutoka mahali pa utulivu hadi ncha ya mbele, au kutoka hapo hadi ncha ya nyuma. Si umbali wa kutoka ncha hadi ncha. Huo ni maradufu. Ni vivyo hivyo kwa wimbi la maji. Hupimwa kutoka usawa wa maji yaliyotulia hadi kileleni mwa wimbi, au kutoka usawa huo hadi bondeni. Kwa wimbi la sauti hakuna kilele cha kuonekana kwa macho. Hewa hubanwa na kulegezwa, na amplitudo ni kiasi ambacho hewa hiyo imetoka katika hali yake ya utulivu. Lishike neno hilo, utulivu, kwa maana karibu majina yote tunayoyatumia badala ya amplitudo hulisahau.

Neno lenyewe ni la Kilatini. Kivumishi "amplus" kina maana ya -pana, -enye nafasi, -kubwa, na nomino yake "amplitudo" ni upana au ukubwa. Warumi walilitumia kwa vitu na kwa watu pia. Mtu mwenye amplitudo alikuwa mtu mwenye hadhi. Mzizi huo ulizaa "amplificatio", mbinu ya balagha ya kulikuza jambo kwa maneno, ambayo mhakiki wetu angeiweka jirani na chuku. Ulizaa pia kifaa ambacho kila mtoto wa Kware anakijua kwa kuwa kimefichwa chini ya kiti cha matatu, nacho ni amplifaya. Hebu fikiri amplifaya hufanya nini. Hupokea wimbi dogo la umeme na kulitoa likiwa na amplitudo kubwa zaidi. Wimbo haubadiliki, mwimbaji hageuki kutoka besi kuwa soprano, mdundo hauongezi kasi. Kinachobadilika ni kwamba abiria wa kiti cha nyuma sasa hawezi kuzungumza na jirani yake. Ukitaka kumfundisha mtahiniwa tofauti ya ukubwa wa sauti na wembamba wa sauti, huna haja ya kwenda maabara. Mpeleke stejini.

Kiingereza kilipokea neno hili katika karne ya 16 likiwa na maana ile ya Kirumi ya upana. Lakini kabla halijakaa vizuri katika vitabu vya fizikia lilipitia baharini, na hapa ndipo historia yake inapotugusa sisi watu wa Afrika Mashariki kuliko tunavyodhani. Kwa mabaharia, amplitudo lilikuwa jina la pembe. Jua likichomoza, nahodha alipima kwenye upeo wa macho ni digrii ngapi limejitenga na mashariki halisi. Likitua, alipima limejitenga kiasi gani na magharibi halisi. Pembe hiyo iliweza kukokotolewa pia kutokana na tarehe na latitudo. Kwa hiyo, kama dira ya chomboni ilitoa hesabu tofauti, nahodha alijua dira yake imepotoka kwa kiasi gani.

Je, pembe ya jua na wimbi vinahusianaje? Panda juu ya paa la ghorofa lolote la Kware alfajiri, mwaka mzima, ujionee. Karibu na tarehe 21 Machi jua huchomoza mashariki kabisa. Baadaye mahali pa kuchomozea husogea kidogo kidogo kuelekea kaskazini hadi, kufikia tarehe 21 Juni, huwa pamejitenga na mashariki kwa takriban digrii 23. Hapo husita, hugeuka, hurudi, na mwishoni mwa Septemba hupita tena mashariki halisi kuelekea kusini, hadi Desemba linapojitenga kwa digrii zile zile upande wa pili. Mahali pa jua kuchomozea ni bembea inayotumia mwaka mmoja kwenda na kurudi. Mashariki halisi ndipo mahali pake pa utulivu, na pembe ile kubwa ya Juni au Desemba ndiyo amplitudo ya bembea hiyo. Kadiri unavyojitenga na ikweta ndivyo inavyopanuka. Mjini London hufikia takriban digrii 40. Sisi tulio karibu na ikweta tuna bembea nyembamba kuliko zote, na pengine ndiyo sababu wengi wetu hatujawahi kuitambua.

Wanafalaki walioandika kwa Kiarabu katika Zama za Kati waliijua pembe hiyo vizuri na wakaipa jina "saat al-mashriq". Neno "mashriq" halihitaji mkalimani kwa Mswahili; ni mashariki. Neno "saa" hapa si ile ya kupimia wakati, kwa kuwa katika Kiarabu herufi zake ni nyingine. Ni nomino ya mzizi wenye maana ya kuwa pana, kuwa na nafasi. Kwa hiyo "saat al-mashriq" ni upana wa mashariki, sawa kabisa na wazo lililobebwa na Kilatini. Fauka ya hayo, Kiarabu cha kisayansi cha leo hutumia neno hilo hilo, "saa", kutajia amplitudo ya wimbi. Sasa, msomaji, tafuta katika Kiswahili chako neno la mzizi huo. Unalo. Ni wasaa. Mtu akisema hana wasaa wa kukaa, yaani hana nafasi, anatumia mzizi ule ule uliowapa wanafalaki jina la amplitudo. Nitarudi kwa neno hili.

Elimu hii ya nyota na pembe ilisafiri katika Bahari ya Hindi pamoja na kaskazi na kusi. Ahmad ibn Majid, nahodha na mwandishi wa karne ya 15 aliyetoka Julfar, sehemu ambayo leo ni ya Ras al-Khaimah, aliandika juu ya dira ya nyota yenye sehemu 32 zilizotambuliwa kwa mahali zinapochomoza na kutua nyota maalumu. Vitabu vyetu vya historia vilizoea kusema kwamba ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi India mwaka 1498. Wanahistoria wengi wa leo hawakubali, na mimi naona afadhali tuliache dai hilo na kumkumbuka kwa jambo ambalo mwalimu wa fasihi anapaswa kulifurahia zaidi. Maarifa yake mengi aliyatia katika mashairi, likiwemo utungo mrefu kuhusu njia ya bahari ya pwani yetu hadi Sofala. Nahodha alikariri beti ili asipotee. Tunapowaambia wanafunzi kwamba ushairi ulihifadhi maarifa ya jamii, huu ni mfano mzito kuliko ile mifano ya jumlajumla tuliyozoea. Hata jina "bahari" tunalolitumia kwa aina za mashairi lilitokana na wanaarudhi wa Kiarabu, walioita mizani zao bahari.

Kutoka baharini neno liliingia katika fizikia kwa mlango wa bembea nyingine, yaani timazi inayoning'inia. Mwanzoni mwa karne ya 17 Galileo alieleza kwamba timazi huchukua karibu muda ule ule kwenda na kurudi, hata ikisukumwa kwa nguvu au kwa upole. Mwaka 1673 Christiaan Huygens alionyesha kwamba jambo hilo si kweli kikamilifu. Upana wa mbembeo ukiwa mkubwa, muda nao huongezeka kidogo. Ubishi wa namna hii hauwezekani bila majina mawili, moja la muda wa mbembeo na moja la upana wake. Jina la upana likawa amplitudo, na kufikia karne ya 19 lilikuwa limezoeleka kwa mawimbi ya kila aina.

Mwaka 1863 Hermann von Helmholtz wa Ujerumani alichapisha kitabu chake kikubwa kuhusu hisia za sauti, ambamo alizitenganisha sifa tatu za sauti ya muziki. Ukubwa wa sauti hutegemea amplitudo. Wembamba au uzito wake hutegemea idadi ya mitetemo kwa sekunde. Ile ladha ya pekee inayotufanya tujue kwamba hii ni zumari na ile ni nzumari ya mchezea mwingine, au kwamba huyu ni mama na yule ni shangazi ingawa wanaimba noti moja, hutegemea umbo la wimbi. Ninapowaeleza wanafunzi wangu jambo hili huwauliza kama Kiswahili kinayajua mambo hayo matatu. Wao huona kwamba kinayajua tangu jadi. Tunasema sauti kubwa na sauti ndogo kwa jambo la kwanza, sauti nene na sauti nyembamba kwa la pili, na sauti tamu, kavu au ya mikwaruzo kwa la tatu. Mzee asiyewahi kuingia darasani hachanganyi sauti nene na sauti kubwa. Ni "sauti ya juu" iliyotuvurugia mambo, nayo ndiyo tuliyoiingiza katika fasili za mitihani.

Tuyaangalie basi majina yanayotumika badala ya amplitudo. Magazeti na redio husema "urefu wa wimbi". Hilo ni jina la hatari, kwa kuwa Kiswahili hutumia urefu kwa kulala na kwa kusimama pia. Barabara ni ndefu na mnazi ni mrefu. Urefu wa wimbi ni lipi basi? Ni umbali wa kutoka kilele kimoja hadi kilele kinachofuata, au ni mwinuko wa kilele hicho? Mwanafizikia huvihesabu vitu hivi viwili mbalimbali kabisa.

Tofauti hiyo iliua watu. Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko lililotokea karibu na Sumatra lilizusha sunami iliyovuka Bahari ya Hindi hadi kwetu. Setilaiti zilizopita juu ya bahari saa mbili hivi baada ya tetemeko zilipima mwinuko wa takriban sentimita 60 tu katika kina kirefu, ilhali umbali kati ya kilele na kilele ulikuwa mamia ya kilometa. Baharia aliye katikati ya bahari asingetambua chochote. Wimbi lilikuwa refu mno na lenye amplitudo ndogo mno. Lilipofika penye maji mafupi lilipunguza mwendo, likajikunja, urefu ukapungua na amplitudo ikakua. Kufikia saa zake za kuwasili Kenya habari zilikuwa zimetangulia, na watu wakaondolewa katika fuo za Mombasa. Mtu mmoja alikufa maji Watamu. Tanzania ilipoteza watu zaidi, na Somalia mamia. Jaribu kuieleza habari hiyo kwa Kiswahili ukitumia "urefu wa wimbi" kwa mambo yote mawili, uone kama msikilizaji atakuelewa.

"Kimo cha wimbi" ni afadhali, na kwa wavuvi kinafaa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotahadharisha kuhusu mawimbi yanayofikia mita 2, inazungumzia kimo, yaani kutoka bondeni hadi kileleni, kwa maana hicho ndicho kinachoingia mashuani. Lakini kimo cha mtu huanzia wayo na kuishia utosini. Hakina utulivu katikati. Wimbi la kawaida lenye kimo cha mita 2 lina amplitudo ya mita 1. Mwanafunzi akiandika kimo ambapo ameulizwa amplitudo, jibu lake litakuwa maradufu ya jibu sahihi.

"Ukubwa wa wimbi" ndilo jina linalowajia wengi, nami nimelitumia hapo juu kwa kukosa lingine. Kasoro yake ni kwamba ukubwa umekwisha kupewa kazi nyingine. Tetemeko lililopiga Kagera tarehe 10 Septemba 2016 lilitangazwa kuwa na ukubwa wa 5.9. Kipimo cha namna hiyo, kilichobuniwa na Charles Richter mwaka 1935, kilitokana na amplitudo ya mistari iliyochorwa na mashine, ila kwa hesabu ya logi, hivyo kwamba kupanda kwa namba moja ni kuongezeka kwa amplitudo mara 10. Kwa hiyo ukubwa na amplitudo ni ndugu, lakini si mtu mmoja. Na kwa mwanafunzi wa Nairobi kuna kichekesho kingine, kwamba wimbi la kwanza kumjia akilini ni lile la uji. Ukisema ukubwa wa wimbi bila muktadha, atawaza punje.

La ajabu kuliko yote ni neno masafa. Katika Kiarabu ni umbali, na ndiyo maana wanahabari walipotangaza kwamba matangazo yanasikika katika masafa mafupi, walimaanisha kwamba umbali wa kilele hadi kilele ni mfupi. Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza Juni 1957, ilisikika kwetu kwa miaka mingi kwa njia hiyo. Lakini stesheni za FM zilipotapakaa, neno lile lile likachukuliwa kutajia idadi ya mitetemo kwa sekunde, na leo mtangazaji hutaja masafa ya stesheni yake kwa megahezi. Angalia kilichotokea. Wimbi likiwa na umbali mfupi, mitetemo yake kwa sekunde ni mingi. Masafa mafupi ya zamani ni masafa ya juu ya sasa! Neno limegeuka kichwa chini miguu juu katika kizazi kimoja, na hakuna aliyestuka, kwa kuwa msikilizaji alitaka taarifa ya habari tu.

Redio hiyo hiyo inatupa mfano wa amplitudo ulio hai. Katika matangazo ya AM, ambayo herufi yake ya kwanza ndiyo amplitudo, sauti ya mtangazaji hubebwa kwa kupanua na kufinya amplitudo ya wimbi la redio. Katika FM, mbinu ambayo Edwin Armstrong wa Marekani alipewa hataza zake mwaka 1933, amplitudo huachwa ilivyo na idadi ya mitetemo ndiyo hubadilishwa. Radi ikipiga, au fundi wa kuchomelea vyuma akiwasha mashine yake mtaani, cheche hutoa mawimbi yanayojiongeza juu ya amplitudo. AM haina namna ya kujua ipi ni amplitudo ya mtangazaji na ipi ni ya fundi, hukwaruza. FM haijali. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayelisikia hili kwa Kiswahili huelewa kwa dakika tano.

Tufanyeje basi? Kazi ya kuunda istilahi ina historia ndefu. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930, BAKITA ikaanzishwa Tanzania mwaka 1967, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikachapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Hapa Kenya tulianzisha CHAKITA mwaka 1998, na Katiba ya 2010 ikakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Lakini kamusi ya sayansi haiwezi kushuka darasani ikiwa hakuna darasa la sayansi linaloendeshwa kwa lugha hiyo. Neno lisiposemwa hubaki karatasini.

Kwa maoni yangu, amplitudo litumike kama neno la kukopa, kwa njia ile ile mtaa ulivyokopa kware na amplifaya, na lielezwe kwa wasaa. Wasaa wa wimbi ni nafasi inayojipatia kutoka mahali pake pa utulivu. Najua pingamizi. Wengi wetu leo hutumia wasaa kwa maana ya muda au fursa, na atakayesikia "wasaa wa wimbi" huenda akadhani wimbi lina shughuli. Ndiyo sababu sipendekezi wasaa liwe istilahi peke yake. Napendekeza liwe neno la kufafanulia, kwa kuwa linabeba wazo la upana na nafasi ambalo urefu, kimo na ukubwa havilibebi.

Katika somo letu wenyewe, marekebisho ni madogo lakini yana uzito. Fasili ya kiimbo iseme kupanda na kushuka kwa kidatu, na mwalimu aeleze kwamba kidatu ni wembamba na unene wa sauti, si ukubwa wake. Mtu anaweza kuuliza swali kwa mnong'ono. Amplitudo ndogo kabisa, kiimbo cha swali kamili. Shadda nayo isielezwe kama nguvu tu. Unapotofautisha barabara ya magari na barabara yenye maana ya sawasawa, silabi yenye mkazo hubadilika amplitudo, naam, lakini mara nyingi hubadilika pia kidatu na muda. Anayetaka kuyaona mambo haya kwa macho apakue programu ya bure iitwayo Praat, iliyotengenezwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Rekodi mwanafunzi akitamka "Mama ameondoka" kwa namna mbili. Juu utaona wasaa wa wimbi ukipanuka na kufinyika, chini mstari wa kidatu ukipanda. Mwanafunzi akiona kwamba picha ni mbili, hatahitaji kukaririshwa.

Mtahiniwa anayeshughulikia tamthilia ya Timothy Arege, Bembea ya Maisha, naye ana la kufaidi. Majibu mengi kuhusu anwani husema kwamba maisha hupanda na kushuka, basi. Jibu hilo si baya, ila ni lile lile la kiimbo. Halisemi kupanda kutoka wapi. Bembea hupimwa kutoka mahali pake pa utulivu. Mtahiniwa atakayeuliza ni hali gani ambayo familia ya Yona na Sara ingeiita utulivu, kisha aonyeshe kwa ushahidi wa matukio kila mhusika amesukumwa mbali nayo kwa kiasi gani na nani amemsukuma, atakuwa na hoja za kuandika hadi kengele ilie. Katika mtihani wenyewe asitaje amplitudo. Mtahini hakuulizwa fizikia.

Lipo jambo moja ningependa walimu wenzangu wa Lamu, Malindi, Vanga na Unguja walifanyie kazi. Wavuvi na mafundi wa mashua katika vijiji vyenu hutofautisha mawimbi ya kila namna, yenye migongo mipana yasiyopasuka na yale mafupi makali ya kusi. Waulizeni wanayaitaje, na hasa kama wanalo jina la ule mwinuko wa wimbi kutoka usawa wa maji shwari. Andikeni neno, kijiji na lahaja, mkalete katika kurasa hizi.